Orodha Iliyokwama Kwenye Printa

Hesabu ilikuwa imefunga, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Orodha ya abiria ilikuwa na majina kumi na saba, nahodha na msaidizi wake wakiwemo. Boti iliyoitwa Tumaini Letu ilipinduka ziwani Jumatatu saa tatu asubuhi ikielekea Mwamgongo. Watu kumi na wawili waliokolewa. Kufikia Jumatano jioni miili mitano ilikuwa imeopolewa, wa nahodha ukiwa mmojawapo. Kumi na wawili na watano ni kumi na saba. Inspekta Nehemia, mkuu wa kikosi cha majini, alisema waziwazi kwamba kama hadi saa kumi jioni ya Alhamisi hakuna mtu wa kumwonyesha karatasi yenye idadi nyingine, anawaondoa wazamiaji na kufunga utafutaji.

Leo ilikuwa Alhamisi. Sajini Skolastika Buhoro wa idara ya upelelezi aliangalia saa yake. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

Nje ya ofisi ya mwalo, bandari ndogo ya boti, kwenye benchi lililoegeshwa ukutani, aliketi mama mmoja aitwaye Spesiosa. Alitoka kijiji cha nyuma ya Mwandiga, na kila siku tangu Jumanne alikuwa akija kusema jambo lile lile: binti yake Carmen, mwenye miaka kumi na tisa, alipanda boti hiyo. Alimpigia simu alfajiri ya Jumatatu akiwa hapo hapo mwaloni. “Mama, tunapanda,” alisema. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Carmen hakuwemo kati ya waliookolewa, hakuwemo kati ya miili, na hakuwemo kwenye orodha. Simu ilithibitisha kwamba alipiga. Haikuthibitisha kwamba alipanda.

Skolastika aliwauliza manusura. Mmoja alihesabu watu kumi na tano, mwingine ishirini na watano. Kilichomfanya arudi mwaloni ni karatasi nyingine kabisa, cheti cha boti kilichobandikwa ukutani. Cheti kiliruhusu watu kumi na saba. Orodha nayo ilikuwa na watu kumi na saba, bila mmoja kuzidi wala kupungua, tena siku ya gulio, wakati boti hufurika watu.

“Naomba uwashe kompyuta,” alimwambia karani.

Karani aliitwa Alphonce, kijana mwembamba aliyekuwa akijifuta jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka. Aliwasha. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mzee Castory, mwenyekiti wa umoja wa wenye maboti na mwenye boti iliyozama.

“Umekuja na mitambo gani, binti?” aliuliza Castory. “Kwenye luninga naona wanakuja na masanduku.”

“Sina sanduku, Mzee.”

“Programu za uchunguzi je?”

“Sina. Hii mashine nikiipeleka kwa wataalamu Dar es Salaam, majibu yatarudi baada ya wiki tatu.”

“Sasa utachunguza na nini?”

“Na vilivyomo humo humo.”

Castory alicheka na kumgeukia karani. “Alphonce, umesikia? Kumbe humo ndani tulikuwa na polisi siku zote.”

Alphonce hakucheka.

Skolastika alihudhuria mafunzo ya kompyuta mara moja tu, wiki mbili, na mkufunzi wao alikuwa na wimbo mmoja: kabla hujaomba shoka jipya, kalipindue la nyumbani uone kama lina makali. Watu wengi, alikuwa akisema, hununua kompyuta kama nyumba nzima na kutumia chumba kimoja tu, sebule. Skolastika alianza na chombo kidogo kinachorekodi hatua. Ukikiwasha, kila unapobofya kinapiga picha ya skrini na kuandika umebofya nini na saa ngapi. Kilikuwa kwenye mashine ile tangu siku iliyotoka dukani, na Alphonce hakuwahi kukiona.

“Hicho cha nini?”

“Ili kesho mtu asiseme nimepika kitu humu. Keti hapa kando yangu. Wewe ndiye shahidi.”

Faili lilikuwa kwenye skrini, moja tu, limeandikwa ORODHA. Skolastika alitafuta orodha za siku nyingine, hakuziona.

“Za wiki iliyopita ziko wapi?”

“Ni hilo hilo, Afande. Kila asubuhi nalifungua, nafuta majina ya jana, naandika ya leo, nahifadhi.”

“Nani alikufundisha hivyo?”

“Niliyempokea kazi. Ndivyo tunavyofanya hapa. Tunachapisha, nahodha anaondoka na karatasi, basi.”

Skolastika alifungua sifa za faili. Badiliko la mwisho lilisomeka Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi. Boti iliondoka saa moja na dakika tano. Yaani faili halikuguswa tena baada ya boti kuondoka.

Castory aliinuka na kuja kusoma mwenyewe. “Umeona? Kompyuta haina shangazi wala mjomba. Orodha iliandikwa kabla ya safari ikafungwa. Yule mama tunampa pole, lakini binti yake atakuwa Bujumbura au Uvira na mwanamume wake. Hawa watu wa kuvuka mpaka wanahama kama ndege.”

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi, Spesiosa aligeuza uso akatazama ziwa.

“Punguza sauti, Mzee,” alisema Skolastika.

Alijaribu njia iliyofuata. Aliuliza mashine kama ina matoleo ya zamani ya faili lile. Hakuna. Historia ya mafaili haikuwahi kuwashwa. Alifungua pipa la taka, likawa tupu. Aliandika neno *Carmen* kwenye sehemu ya kutafuta na kuiacha mashine ichambue diski nzima. Mstari wa kijani ulijivuta polepole. Ulipofika mwisho, jibu likaja: hakuna kilichopatikana.

Alirudia kwa herufi K badala ya C. Hakuna kilichopatikana.

“Hakuwahi kuandikwa humu,” alisema Castory, safari hii kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. “Si leo, si Jumatatu. Mashine yako yenyewe inasema.”

Ilikuwa saa saba kasorobo.

Skolastika alifungua daftari la matukio. Ndilo daftari ambalo mfumo wa kompyuta hujiandikia wenyewe bila kuombwa: imewashwa lini, imezimwa lini, nani ameingia, nini kimekwama. Lilikuwa na maelfu ya mistari. Alichuja, akabakiza aina moja tu ya tukio, kubadilishwa kwa saa ya kompyuta.

Kwa siku kumi na nne, saa ilikuwa imebadilishwa mara kumi na tatu.

“Alphonce. Kwa nini mnaichezea saa?”

“Betri ya ndani imekufa, Afande. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka inarudi mwaka elfu mbili na kumi na tano. Inabidi niirekebishe kila mara. Kila mtu hapa anajua.”

“Kweli kabisa,” alisema Castory. “Hata mimi nimeirekebisha.”

Lilikuwa jibu zuri, na la kweli. Skolastika alitoa kalamu, akaipitia mistari mmoja mmoja. Kumi na moja ilifanana: saa ilitoka Januari ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, ikaletwa mbele hadi siku husika. Miwili haikufanana. Yote miwili ilikuwa ya Jumatatu.

“Njoo usome hapa, kwa sauti.”

Alphonce aliinamia skrini. “Saa imebadilishwa kutoka... saa sita na dakika kumi na mbili mchana... kwenda saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane asubuhi. Siku hiyo hiyo.”

“Na unaofuata?”

“Kutoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu asubuhi, kwenda saa sita na dakika kumi na saba mchana.”

“Betri iliyokufa inarudisha saa miaka mingi nyuma, na wewe unaileta mbele. Hapa mtu ameirudisha asubuhi kwa mkono wake, akaiacha huko dakika tano, akairudisha mchana. Ndani ya hizo dakika tano, faili likahifadhiwa. Saa kumi na mbili na arobaini na moja.”

Feni ilizunguka. Castory alirudi kwenye kiti chake.

“Mtu anaweza kukosea kuweka saa,” alisema.

“Anaweza.”

Skolastika alitoka nje na kumpigia Inspekta Nehemia. Alimweleza yote. Nehemia alimsikiliza hadi mwisho.

“Nakuamini, Sajini,” alisema. “Lakini wewe unaniletea saa. Mimi nataka watu. Kabla ya faili kuguswa, walikuwa wangapi?”

“Sijui bado.”

“Nikimwambia mkuu wangu kuna saa imerudishwa nyuma, ataniuliza hivyo hivyo. Wangapi, na kina nani. Tafuta karatasi.”

Alipokata simu, Spesiosa alikuwa anamtazama. Mama huyo alikuwa amevaa kitenge cha bluu, na miguuni ndala moja ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani.

“Umempata, mwanangu?”

“Bado, Mama. Nimegundua waliigusa ile orodha.”

“Walimtoa?”

“Sijui kama walimtoa yeye.”

Spesiosa alitikisa kichwa taratibu. “Mana yanje, Mungu wangu. Mtu akitolewa majini anaonekana. Akitolewa kwenye karatasi, utamzamia wapi?”

Skolastika alirudi ndani.

Kwenye jalada lake alikuwa na nakala ya orodha ambayo Castory aliikabidhi kituoni Jumatatu saa nane mchana. Aliitoa akaiweka mezani ili ailinganishe na skrini, neno kwa neno. Zililingana. Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zilikuwa nyeusi, kali, zenye kung’aa kidogo. Aliisugua kwa kidole kilicholowa jasho. Wino haukutoka.

Kisha alitazama printa ya ofisi. Ilikuwa printa ndogo ya wino wa maji, imewekwa juu ya katoni, na taa yake nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima.

“Hii karatasi haikutoka kwenye printa hii.”

“Hapana, Afande,” alisema Alphonce. “Ilichapishwa steshenari, kule barabarani. Nilipeleka na flashi.”

“Kwa nini, na printa mnayo?”

“Mbovu.”

“Tangu lini?”

Alphonce alimtazama Castory. Castory alikuwa anatazama dari.

“Tangu Jumatatu.”

“Asubuhi au mchana?”

“Asubuhi. Karatasi ilinasa. Hapa zinakaa chini sakafuni, zinavuta unyevu wa ziwa, zinakuwa laini kama ugali wa jana.”

“Basi nahodha aliondoka na nini?”

“Nilimwandikia kwa kalamu. Aliiweka mfukoni.”

Mwili wa nahodha ulipoopolewa, karatasi hiyo ilikuwa imegeuka uji mfukoni. Skolastika aliuliza swali lililofuata kwa sauti ile ile, bila kunyanyua macho kutoka kwenye jalada.

“Kabla hujachukua kalamu, ulijaribu kuchapisha?”

“Nilijaribu. Ikakataa.”

“Ulibofya mara ngapi?”

“Kama... nne. Ukibofya mara nyingi wakati mwingine inashtuka.”

“Ilishtuka?”

“Haikutoa kitu. Nikaachana nayo.”

“Kwa hiyo unadhani zile mara nne zilikwenda wapi?”

Alphonce aliitazama printa. Kwa miaka miwili aliyofanya kazi hapo, kisichotoka kwenye printa kilikuwa hakipo. Hakuna aliyemwambia vingine.

Skolastika alibofya alama ndogo ya printa iliyojificha kwenye kona ya chini ya skrini. Dirisha dogo likafunguka, foleni ya uchapishaji. Nyaraka tano zilikuwa zinasubiri. Nne zilitumwa Jumatatu saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, moja nyuma ya nyingine. Ya tano ilitumwa siku hiyo hiyo, saa sita na dakika ishirini mchana.

“Mungu wangu,” alisema Alphonce.

Castory alisimama. “Inatosha sasa. Umeme wa ofisi hii ni wangu. Zima mashine, mimi namwita wakili.”

Alikuwa tayari ameshika waya wa soketi.

“Mwite, Mzee, ni haki yako,” alisema Skolastika. “Lakini ukichomoa hapo, kila hatua yako itaandikwa kwenye jalada langu, na foleni haitafutika. Umeme umekatika mara ngapi tangu Jumatatu? Na bado ipo. Kaa.”

Castory aliendelea kushika waya kwa muda. Kisha akauachia, lakini hakukaa.

Kazi iliyobaki Skolastika aliifanya polepole, ingawa saa nane ilikuwa imepita. Aliisimamisha kwanza huduma ya uchapishaji ili printa isimeze kitu kabla ya wakati. Alifungua folda ambamo mfumo hutunza nyaraka zinazosubiri, akazinakili zote kwenye flashi mbili, akamwambia Alphonce atie sahihi kwenye bahasha zake. Baada ya hapo ndipo alipoigeuza printa, akafungua mlango wa nyuma na kuvuta kipande cha karatasi kilichojikunja kama kiwavi. Kilikatika. Alivuta kilichobaki kwa kibanio cha nywele.

Karatasi za kwenye boksi zilikuwa na unyevu kweli. Alichukua kumi, akazitandaza juani kwenye ngazi, akaziwekea mawe. Spesiosa aliteremka kutoka kwenye benchi, akachuchumaa, akazigeuza moja moja kwa uangalifu, kama mtu anayegeuza dagaa, bila kuuliza ni za nini.

Saa tisa kasoro dakika tano, nyingi zilikuwa zimekauka. Skolastika alizipanga kwenye printa, akaiwasha huduma tena. Taa nyekundu ilizima. Printa ilikohoa, ikatulia, ikakohoa tena, kisha ikaanza kuvuta karatasi.

Ya kwanza ilitoka na michirizi. Ya pili, ya tatu na ya nne zilisomeka vizuri. Ya tano ilikuwa imefifia, lakini ilisomeka. Alizipanga mezani.

Ya tano ilikuwa na watu kumi na saba. Zile nne zilikuwa na watu ishirini.

“Faili linasema mara ya mwisho liliguswa saa kumi na mbili na arobaini na moja, likiwa na watu kumi na saba,” alisema Skolastika. “Dakika kumi na moja baadaye, faili hilo hilo linatumwa kwenye printa likiwa na watu ishirini. Alphonce, wale watatu walizaliwa wapi?”

Skolastika aliweka kidole chini ya mistari mitatu ya mwisho, akasoma.

*18. Zénon. 19. Mgeni wa Zénon. 20. Mgeni wa Zénon.*

Alisoma tena. Hakukuwa na Carmen.

“Hii ni nini? Mgeni wa Zénon ni nani?”

“Ni utaratibu wa hapa,” alisema Alphonce. “Asiye na kitambulisho simwandiki jina, maana sina cha kunihakikishia. Namwandika chini ya aliyemdhamini. Na wanaandikwa mwisho, baada ya wenye vitambulisho. Zénon alikuwa na kadi. Alisema hawa wawili anawapeleka Mwamgongo, kuna kazi ya kuanika dagaa.”

“Mmoja alikuwa msichana?”

“Ndiyo. Alikuwa anaongea na simu. Anacheka.”

Ndiyo maana mashine ilipotafuta jina la Carmen haikupata kitu. Ilisema kweli. Jina lake halikuwahi kuandikwa humo, si Jumatatu, si siku yoyote.

“Na mchana? Dakika zile tano?”

“Mwenyekiti alikuja. Akasema cheti kinasema kumi na saba. Nikamwuliza tutoe nani.” Alphonce alianza kulia bila kujificha. “Akasema, toa watatu wa mwisho. Hao hawana wa kuwaulizia.”

“Muongo wewe!” alifoka Castory. “Mimi nimekulisha, nimekupa kazi...”

“Ulisema, Mzee. Ulisimama hapo hapo. Mimi nikasema kuna miili itatoka, wewe ukasema ziwa lina kina kirefu.”

Castory alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakipata, akaketi. Skolastika alimsomea haki zake, akamwita askari aliyekuwa mlangoni asimame karibu naye. Kisha akazipiga picha karatasi zote tano, akazituma kwa Inspekta Nehemia, akampigia. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

“Ishirini,” alisema mara simu ilipopokewa. “Watu ishirini, Afande. Nimekutumia karatasi. Watatu bado wako ziwani.”

Upande wa pili kulikuwa na upepo na mlio wa injini ya gari.

“Nimeziona,” alisema Nehemia. “Umefanya kazi kubwa.”

“Basi wazamiaji warudi majini.”

“Hawapo.”

“Ulisema saa kumi.”

“Nilisema, na nilimaanisha. Amri ikaja saa nane, kuna tukio jingine kusini. Wako njiani. Hata wakigeuza sasa, watafika kesho mchana, na mafuta sijui nitayaomba kwa nani. Skolastika, nikwambie ukweli. Ni siku ya nne. Pale walipopindukia, ukienda hatua chache kutoka ufukweni hakuna mzamiaji anayefika chini. Maji ya kule ni baridi, hayamrudishi mtu. Hata tungekuwa nao watatu kwenye orodha tangu Jumatatu, huenda...”

“Huenda,” alisema Skolastika.

“Ndiyo. Huenda.”

“Sasa mimi nimwambie nini huyu mama?”

“Naweza kufanya jambo moja. Nitatangaza kwenye vijiji vyote vya pwani, Mwamgongo hadi mpakani, wenye mitumbwi waangalie. Nitumie fomu za watu waliopotea, tatu. Lakini zijazwe kamili. Fomu isiyo na ndugu wa kuwasiliana naye hairuhusiwi, inarudishwa.”

Skolastika alichukua fomu kwenye mkoba wake, akatoka nje na kuketi kwenye benchi kando ya Spesiosa. Hakuanza na fomu. Alimwonyesha karatasi ya pili, ile iliyosomeka vizuri, akamweleza mstari kwa mstari. Spesiosa hakujua kusoma, lakini aliufuata mkono wa Skolastika hadi mwisho wa ukurasa.

“Carmen ni yupi hapo?”

“Ni kati ya hawa wawili, Mama. Hawakumwandika jina. Wameandika mgeni.”

“Wanamtafuta?”

“Wazamiaji wameondoka. Watu wa vijijini ndio wataangalia, kando ya maji.”

Karatasi chache zilizobaki zilikuwa bado juani kwenye ngazi, na upepo ulikuwa unainua kingo zake. Spesiosa alizitazama.

Skolastika alijaza fomu ya kwanza. Carmen, miaka kumi na tisa, blauzi ya njano, hereni za shanga. Ndugu wa kuwasiliana naye, Spesiosa. Uhusiano, mama. Alichukua ya pili.

“Huyu Zénon, Mama, ana watu wake?”

“Alikuja peke yake kutoka kambi ya wakimbizi. Alikuwa anapanga chumba kwa jirani yangu. Wazazi walimfia zamani.”

“Na huyu wa tatu?”

“Simjui. Carmen hakunitajia.”

Skolastika alimwita Alphonce mlangoni. Karani alikumbuka kijana mfupi, koti la mvua la kijani, hakusema neno, alikaa mbele kabisa ya boti. Hakukumbuka kingine. Siku nne zilikuwa zimepita, na hakuna mtu aliyekuja mwaloni kumwulizia mfupi wa koti la kijani.

Skolastika aliandika *jina halijulikani*, akaandika koti. Alipofika kwenye mstari wa ndugu, kalamu ilisimama.

“Hapo panataka nini?” aliuliza Spesiosa.

“Mtu wa kumwulizia. Bila hivyo hawaipokei.”

“Na ya Zénon?”

“Vivyo hivyo.”

Spesiosa alivuta kitenge chake mabegani, akasogea karibu ili aone kalamu inavyoandika.

“Niandike mimi.”

“Mama, si ndugu zako. Wataniuliza uhusiano.”

“Walipanda pamoja na mwanangu. Wako naye sasa hivi. Wewe andika.”

“Niandike uhusiano gani?”

“Kama ulivyoandika ile ya kwanza.”

Skolastika aliandika *mama* kwenye fomu ya Zénon. Kisha akaichukua ile isiyo na jina, akaandika hivyo hivyo, akampa Spesiosa kidau cha wino aweke dole gumba mara tatu.